Sura ya Tisa: Ski Zilizosimama Mlangoni

Siku ambayo Peris alikuwa ameiomba kwa Mungu mwaka mzima ilianza vibaya, na aliyeiharibu ni mzee mgonjwa ambaye hakuwa na nia mbaya na mtu yeyote.

Asubuhi hiyo Peris alikuwa anamalizia zamu yake kwenye nyumba ya kutunzia wazee kule Maplewood. Mikono ilikuwa inagawa dawa lakini moyo haukuwepo. Moyo ulikuwa kwa Yves. Saa nane mchana Yves na watu wa kwao wangefika nyumbani kwa mama yake Peris, Brooklyn Center, kuja kumposa. Mama huyo, Jedidah, alikuwa ameapa kwamba yule kijana wa Kikongo hatakanyaga kizingiti chake maadamu yeye yuko hai. Kisha wiki iliyopita, akiwa ameinamia sinki, bila hata kugeuka, akasema, "Wacha waje. Nataka anieleze kwa mdomo wake vile Eric alikufa. Akishanieleza nitajua la kusema."

Eric alikuwa kaka yake Peris, mtoto wa kwanza wa Jedidah, na ndiye aliyemleta Yves katika nyumba ile. Peris aliikumbuka siku hiyo vizuri kuliko siku yake ya kuhitimu. Wageni wengine walivua viatu wakaviacha kibarazani. Yves alivua vyake akavibana kwapani, akaingia navyo sebuleni, kisha akarudi nje akaingiza na koleo la theluji. "Huyu mkimzoea ataingiza hata gari ndani lisiibiwe," Eric alisema, na wote wakacheka. Peris naye alicheka, mpaka macho yake yalipokutana na ya mgeni. Hapo kicheko kilimkauka, akajifanya anatafuta vikombe.

Mapenzi yao yaliota kwa ukimya namna hiyo, Eric akiwa ndiye kisingizio cha kila kitu. Na majira ya baridi yaliyopita Eric na Yves waliondoka pamoja kwenda milima ya Montana kuteleza thelujini kwa ski, zile mbao ndefu za kuvaa miguuni, wakalala kwenye kibanda kimoja kilicho mbali na kila mtu, na akarudi mmoja.

Sasa turudi Maplewood. Mwenye habari za kibanda hicho alikuwa mgonjwa wa Peris, mzee Maurice, Mzungu aliyepita miaka themanini, mjane, fundi seremala wa zamani. Eric naye alikuwa akifanya kazi pale pale. Yeye ndiye aliyemwogesha Maurice na kumnyoa ndevu, na kila akinyolewa mzee alisimulia kibanda. Baada ya kuletewa habari za kifo, Maurice alipigwa na kiharusi kilichomnyang'anya maneno. Maneno yalikuwa yameanza kurudi mwezi huu, moja moja, na asubuhi ile yalirudi mengi kwa pamoja.

"Peris," aliita kwa Kiingereza chake cha kuvuta. "Kaa. Nieleze kibanda kilikuwaje."

Peris alitazama mlango, akatazama saa, kisha akakaa. Hakuwa na roho ya kumnyima.

"Kilikuwa kizima, Maurice. Jiko liliwaka."

"Jiko." Mzee alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, ule uliobaki na uhai. "Tulilibeba mgongoni kipande kwa kipande. Tulikuwa vijana watatu, tumerudi kutoka vitani Korea. Magogo yalivutwa na nyumbu wakati wa kiangazi, lakini jiko nyumbu alilikataa. Mimi nilishindwa kwenye karata nikapangiwa kubeba mlango wake, chuma kitupu. Mabega yangu hayajasahau."

"Kwa nini mlijenga mahali pasipo na mtu?"

"Kwa sababu rafiki yetu aliganda pale njiani akivuka, na hapakuwa na ukuta hata mmoja wa kujikinga. Tukasema asife mwingine. Kibanda hakina mwenyewe. Hakina kufuli wala malipo. Unalala, unapasua kuni za atakayekufuata, unazipanga ndani ya jiko na kiberiti juu yake, ili anayefika na vidole vimekufa ganzi asihangaike." Alipumzika kidogo. "Na ski zako unazisimamisha nje."

"Ndani hamziingizi?"

"Kamwe. Katikati ya majira ya baridi kibanda kinafukiwa chote. Ukiwa kule bondeni huoni paa, na moshi wenyewe upepo unauchanganya na theluji huoni kitu. Unachoona ni ski. Zikiwa zimesimama wima juu ya mlango, kuna watu. Zisipokuwepo, hamna mtu, unapita zako. Kila anayepanda milima ile analijua hilo, na watafutaji wa waliopotea ndio wa kwanza. Nilimwambia Eric anunue nyekundu makusudi." Akamgeukia. "Walizisimamisha upande gani?"

Peris alijibu kabla hajafikiri, kwa sababu hadithi ile ya Yves aliijua kwa moyo. "Yves aliziingiza ndani. Aliingiza kila kitu."

Maurice alifumba macho.

"Eric alikuwa anajua," alisema baadaye. "Angemwambia."

"Eric alikuwa ameshaanguka. Aliugonga mti kwa kifua huko nyuma. Yves alimfikisha pale anaweweseka, anaongea na marehemu baba kwa Kikuyu." Sauti yake ilianza kumponyoka. "Watafutaji walipita kesho yake asubuhi, chini bondeni. Yves aliwasikia. Hawakupanda. Eric alikuwa bado mzima, Maurice. Alikuwa bado anapumua."

"Pengine wasingeziona hata hivyo," mzee alisema.

"Unaamini hivyo?"

Maurice aliutafuta mkono wake juu ya blanketi, akaushika. "Kijana mwenyewe anajua?"

"Hajui."

"Utamwambia?"

Peris alinyoosha blanketi ambalo halikuwa limekunjamana, akazima taa, akatoka.

*

Alikutana na Yves kwenye maegesho ya duka la Waafrika, Brooklyn Center, alikopitia kuchukua soda na ndizi alizosahau mama yake. Hawakuwa wamepanga. Yves alikuwa amekaa kwenye gari lake aina ya Corolla, injini inanguruma, amevaa suti ya kijivu na koti jepesi lisilofaa kwa baridi ile. Alipomwona alishuka mbio, kisha akasimama hatua chache kutoka kwake, mikono hajui aiweke wapi.

"Si inasemwa bwana harusi asimwone bibi kabla?" Peris alimtania, ili apate la kusema.

"Iyo ni ya arusi. Leo ni kuomba tu." Yves alicheka, kicheko kikaisha upesi. "Nimewahi sana. Baba mdogo Callixte na mama nimewaacha dukani wanachagua sukari ya kuleta. Niliogopa kubaki nyumbani peke yangu."

Siti ya nyuma kulikuwa na kitu kirefu kimeviringishwa kwa kitenge. Peris alikijua bila kuuliza.

"Ni ski zake," Yves alisema. "Mama yako alisema nizilete. Mwaka wote zimekaa chini ya kitanda changu. Kila nikilala, nalala juu yake."

"Yves..."

"Ngoja, niseme kwanza. Kuna swali moja mama yako ataniuliza, na minakosa jibu." Alipangusa uso kwa kiganja. "Wale watu walipita na pikipiki zao za theluji. Nilizisikia, Peris. Mlango ulikuwa umefukiwa, nikachimba na sufuria, nikatoka, nikalia mpaka koo ikatoka damu. Walikuwa wamekwisha pita. Juu ya nini hawakupanda kutufikia? Kibanda wanakijua. Baba mdogo anasema ni juu ya rangi yetu. Mama anasema ni Mungu. Weye umeishi na hawa watu, weye unasema je?"

Hapo ndipo angelisema. Lilikuwa limefika mpaka ulimini. Lakini alimwona macho yalivyoingia ndani kwa kukosa usingizi, akaona shingo ya shati ilivyopwaya, akajiona yeye mwenyewe, mtoto wa pekee aliyebaki, jioni ya leo akiwa mchumba wa mtu. Mapenzi yana ubinafsi wake, na yeye alikuwa na haki ya kuwa mbinafsi mara moja.

"Ni upepo," alisema. "Hawakuwaona kwa sababu ya upepo."

"Upepo tu?"

"Upepo tu, Yves."

Yves aliachia pumzi ndefu iliyotoka na mvuke. Akamtazama kwa yale macho ya siku ya kwanza, na Peris, ambaye siku zote alikuwa akiyatafuta, alitazama pembeni.

"Weye tu ukisema kitu, naamini," Yves alisema. "Leo nitalala."

*

Wageni walifika wakiwa watatu. Mbele alikuwa Callixte, baba mdogo wa Yves, na kofia yake ya manyoya. Nyuma yake Mukandayisenga, mama yake Yves, mwanamke mdogo wa umbo, amejifunga mshanana, vazi la kwao la kufunga begani, juu ya sweta mbili. Yves alikuja mwisho amekumbatia kile kirefu.

Peris aliwapokea mlangoni. Wazee walipita. Yves alipofikia kizingiti na mzigo wake, kitu kilimshika Peris mikono. Hakukipanga. Alizichukua ski, akafungua kitenge, akazichomeka wima kwenye rundo la theluji kando ya mlango.

"Zitaibiwa," Yves alisema.

"Haziibiwi. Ziache hapo kwanza."

"Peris, haziwezi kubaki inje."

"Nimesema ziache. Ingia, unaingiza baridi."

Aliingia, lakini aligeuka kuziangalia mara mbili kabla mlango haujafungwa.

Sebuleni kulikuwa na harufu ya pilau na chapati. Picha ya Eric ilikuwa ukutani juu ya televisheni, amevaa joho la mahafali, anacheka. Jedidah alikuwa amekaa chini ya picha hiyo, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani, mikono mapajani. Aliyetakiwa kusema kwa niaba ya nyumba ni kaka yake, Kamau, na Kamau alikuwa amechelewa. Alikuwa anaendesha gari kutoka Rochester, na barabara zilikuwa mbaya.

"Tumngoje mzee," Callixte alisema kwa adabu.

"Mtamngojea kwa mambo ya posa," Jedidah alijibu. "Hii yangu haimhitaji Kamau. Yves, kuja ukae hapa nikuone."

Yves alihamia kwenye kigoda karibu na magoti yake. Peris alikuwa amesimama na sinia ya chai, na hakuthubutu kuiweka chini.

"Niambie," mama alisema. "Usinifiche kitu ati mimi ni mama. Niliosha maiti yake. Nimeshaona yote."

Yves alimwambia. Alisema polepole, Kiswahili chake cha Kivu kikijikwaa kwa Kifaransa pale machozi yalipokaribia. Alisema vile Eric alivyokuwa mbele anaimba, vile alivyoteleza akaukuta mti, vile alivyocheka kwanza akasema si kitu, kisha akaanza kukohoa. Vile alivyomburuta. Vile kibanda kilivyokuwa na kuni zilizopangwa na kiberiti juu, akamshukuru mtu asiyemjua.

"Nilivua koti yangu nikamfunika. Nikaingiza vitu vyake vyote, Mama. Begi, fimbo, ski. Kofia ilimwanguka kule nyuma, nikarudi kuichukua, maana nilisema huyu mtoto wa watu ana mama yake, hakuna kitu chake kitabaki inje watu wakichukue. Nikamshika kichwa. Aliita baba. Halafu akaita weye. Halafu aliniambia, Yves, funga mlango, kuna baridi. Mlango ulikuwa umefungwa."

Jedidah, ambaye mazishini hakulia mbele za watu, na tangu hapo hakuna aliyemwona akilia, aliachia machozi yashuke bila kuyafuta.

"Watu waliniambia ulimwacha," alisema. "Kanisani hapa, watu wanaomba na mimi. Waliniambia, Mama Eric, yule alijiokoa mwenyewe. Kumbe ulirudia hata kofia." Aliweka kiganja juu ya kichwa cha Yves. "Hukuacha kitu cha mtoto wangu nje. Kunywa chai, mwanangu."

Mwanangu. Callixte aliitikia amina kwa chini. Mukandayisenga alifunika uso kwa upindo wa mshanana. Neno alilolililia Peris mwaka mzima lilikuwa limesemwa, na lilikuwa limesemwa kwa ajili ya jambo lile lile lililomuua Eric.

Aliinama kummiminia Yves chai. Vidole vyao viligusana kwenye mpini wa kikombe. Yves alikuwa anatabasamu.

Ndipo mlango ulipofunguliwa, Kamau akaingia akipigapiga viatu, theluji mabegani, mtu mnene mwenye sauti ya sokoni.

"Poleni, poleni sana jamani. Hii mtaa yenu itaniua. Nyumba zote zimefanana na namba zimefukiwa. Nimepita hapa kama mara mbili hivi nikisema hakuna watu, wacha niende mpaka huko mwisho." Alivua kofia akacheka. "Si ndio nikaona ski za Eric zimesimama mlangoni, zile nyekundu. Nikasema basi, watu wako hapa ndani."

Alimtolea Callixte mkono. Hakujua kwa nini nyumba nzima haikucheka naye.

Yves aliweka kikombe chini, taratibu.

"Mzee," alisema, "kama haungeziona?"

"Ningepita tu. Ningejuaje?"

Yves alikaa akitazama mlango. Midomo ilimtikisika kidogo kama mtu anayesoma kitu kigumu. Kisha akageuka kumtafuta Peris. Kama Peris angekuwa ameshangaa, kama angekunja uso tu kuuliza kuna nini, pengine Yves angelisukuma wazo lile lirudi lilikotoka. Lakini Peris aliinamisha macho kwenye sinia.

"Ulijua," Yves alisema.

"Nimejua leo asubuhi. Mzee Maurice ameanza kusema." Sauti yake haikuwa na nguvu. "Yves, si hapa."

"Umejua leo asubuhi. Na pale kwa duka ukaniambia upepo."

"Mnaongea nini?" Jedidah aliuliza. "Peris? Hii ni maneno gani mnaongea na mimi nimekaa hapa?"

Callixte alikuwa mtu mzima, na alinusa hatari kabla ya wengine. Alimwambia Yves jambo fupi kwa Kinyarwanda, lugha yao ya nyumbani, na hata asiyejua lugha hiyo angeelewa kwamba anaambiwa afunge mdomo. Yves hakumtazama. Alishuka kutoka kwenye kigoda akapiga magoti kwenye zulia.

"Mama, wale watu hawakutuacha kwa ubaya. Walikuwa wanaangalia ski. Ski zikiwa inje, kuna watu. Si ndiyo, Peris?"

Peris aliitikia kwa kichwa. Akasema, kwa sababu sasa hakukuwa na njia ya kutosema, "Ndiyo desturi ya kibanda, mama. Wanazisimamisha juu ya mlango ili wa kule chini wazione. Wasipoziona, wanapita."

"Na mimi niliziingiza," Yves alisema. "Niliziingiza, nikazipangusa, nikaziweka karibu na kichwa chake. Alikuwa mzima, Mama. Walipopita alikuwa mzima."

Mukandayisenga alitoa sauti ndogo. Kamau, aliyekuwa bado amesimama, alijikalisha kwenye mkono wa kochi.

Jedidah aliinuka. Alipita katikati yao bila kumgusa mtu, akafungua mlango, akatoka na kandambili zake kwenye theluji. Kupitia dirishani walimwona amesimama mbele ya zile ski mbili nyekundu. Hakuzishika. Aligeuka akatazama barabara, huku na huku, kama mtu anayengojea kuonwa. Peris alitaka kumfuata na koti, Kamau akamzuia kwa mkono.

Aliporudi miguu yake ilikuwa imeloa. Hakukaa.

"Nani alikufunza kuingiza kila kitu ndani?" alimuuliza Yves.

Aliyejibu ni Mukandayisenga, na alijibu akitazama sakafu.

"Ni miye, dada yangu. Kule kambi ya wakimbizi Rwanda ukiacha kitu inje, asubuhi hakiko. Tulikuwa na sufuria moja. Huyu alikuwa mtoto mdogo wa urefu huu, akaisahau inje, wakaiba. Tulilala njaa, na sufuria nyingine haikuwepo. Nilimchapa." Alisita. "Nilimchapa sana juu ya iyo sufuria. Hakusahau tena."

"Sufuria," Jedidah alirudia.

Aliwatazama mama na mtoto kwa muda. Peris alimjua mama yake, alijua uso wake ukiwa na hasira na ukiwa na huzuni, lakini uso huu hakuwahi kuuona. Ulikuwa uso wa mtu aliyekosa wa kumchukia.

"Sitakulaani," alisema mwishowe. "Ulimfanyia Eric vile ulifunzwa kufanyia kitu unapenda. Nimeelewa hivyo, na Mungu ananiona. Lakini lile jina nimekuita hapa saa hii, usiliitikie kwanza. Wacha nikae nalo. Siwezi, Yves. Nikikuona unafunga mlango wa nyumba yangu nitakuwa nasikia zile pikipiki." Akamgeukia binti yake. "Na wewe ulikuwa unajua. Umesimama hapo na chai, ukaniacha nimbariki."

Peris angesema alifanya kwa ajili ya mapenzi, lakini mbele ya picha ile ukutani alilionea haya neno lenyewe.

Callixte alichukua kofia yake. Sukari waliyoleta ilibaki mezani, na pilau ilibaki jikoni imefunikwa.

*

Peris alimfuata Yves mpaka kibarazani. Wazee walikuwa wameshaingia garini. Mwanga wa alasiri ulikuwa umeanza kufifia, na baridi ilikuwa inauma masikio.

"Nisikilize," alimwambia. "Nisikilize kabla hujaenda. Nilitaka ulale. Hiyo tu. Ulikuwa umekonda, uliniuliza swali moja, na leo nilikuwa na jibu ambalo lingekuua."

"Ungeninyamazia mpaka lini?"

"Mpaka nife."

"Tungezaa watoto, Peris. Ningewafundisha. Jioni ningewaambia, ingizeni vitu vyenu ndani. Na weye ungekaa pale unaniangalia." Hakupaza sauti, na hilo lilimuumiza Peris kuliko angepaza. "Ungeniangalia hivyo kila siku, na mimi ningesema, ona vile mke wangu ananipenda."

"Ningekuwa nakupenda kweli."

"Najua."

Peris alitaka amshike, na alijua akimshika hataachia, kwa hiyo alijikumbatia mwenyewe. Machozi yalimtoka yakawa baridi kabla hayajafika kidevuni.

"Mwaka muzima niliwachukia watu ambao hawakukosa kitu," Yves alisema. "Minafaa kwanza niache kuwachukia. Halafu nione nani amebaki wa kuchukia. Sitaki iwe kwako, na sitaki iwe mbele yako."

"Nikungoje?"

Yves aliziangalia ski, na mkono wake ulinyooka wenyewe, mazoea ya maisha yote, kuzing'oa aziingize ndani. Uliishia katikati. Akaurudisha mfukoni kana kwamba umeungua, akashuka ngazi, akaenda.

Peris aliingia ndani. Kamau alikuwa jikoni anajaribu kula ili apate la kufanya. Jedidah alikuwa amerudi kwenye kiti chake chini ya picha, miguu imefunikwa kwa shali.

"Peris," alisema bila kugeuka. "Ingiza hizo ski."

"Ziache, mama."

"Ziingize. Kunakuwa giza."

"Ziache tu hapo nje."

Mama aligeuza kichwa akamtazama, kwa muda mrefu. Alikuwa mwanamke, naye aliwahi kungoja mtu. Hakuamrisha tena. Alivuta shali mpaka kifuani akafumba macho.

Peris alikwenda dirishani. Theluji ilikuwa imeanza upya, ile laini, na barabara ilikuwa nyeupe na tupu isipokuwa Corolla moja iliyokuwa inaondoka polepole. Ilifika kwenye kona. Taa zake nyekundu za nyuma ziliwaka, gari likasimama, na hakukuwa na gari jingine la kulipisha. Lilikaa pale. Kutoka mahali lilipokuwa, nyumba zote zilikuwa zimefanana, isipokuwa moja.

Kisha taa zilizimika, gari likakata kona. Peris hakuondoka dirishani, na alipoinua mkono kupangusa ukungu wa pumzi yake kwenye kioo, ski zilikuwa bado zimesimama pale mlangoni.